Mgeni Aliyesifu Viti

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka miguu yangu huchoka hata kama nimeketi.

Kabla sijafika kwenye siku hiyo, acha nikwambie mimi ni nani, maana mtu anayekupa nasaha bila kujitambulisha hana tofauti na anayekuuzia dawa stendi ya basi. Mimi niliacha shule darasa la sita, huko kwetu Kitale. Nilifika Stockholm na begi moja na koti la kuazima. Nilianza kwa kusugua ngazi za majumba ya Rinkeby, sabuni ikinibabua mikono, na leo nina kampuni yangu ya usafi, magari matatu yenye jina langu ubavuni, na wafanyakazi kumi na mmoja. Wawili kati yao wana digrii. Wakikosea mahali, mimi wa darasa la sita ndiye ninayewaonyesha. Nina nyumba Upplands Väsby yenye mti wa tufaha uani. Sisemi haya kujisifu. Haya basi, najisifu kidogo. Jasho ni langu, nani mwingine atalisifia?

Lakini nimejifunza jambo moja, na nimelijifunza kwa kuchelewa: mtu mwenye mengi ya kusema juu yake mwenyewe huwa hana masikio.

Kulikuwa na mwenzangu anaitwa Barasa. Tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akishika namba ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikichungulia daftari lake. Mimi nilipoacha shule, yeye aliendelea, akasomea ualimu, akaja kuwa mwalimu mkuu. Kwetu watu humwita Mwalimu tu, hata wazee waliomzidi umri. Miaka yote niliyokaa huku, kila nilipopata kitu nilimpigia simu. Nilipata kibali cha kukaa, nikampigia. Nilinunua gari la kwanza, nikampigia. Wakati huo nilidhani nampigia kwa sababu ni rafiki. Sasa najua nilikuwa nampelekea matokeo ya mtihani.

Siku moja yeye ndiye akapiga. Shule yake ilikuwa imefanya urafiki na shule moja ya mji mdogo huku kaskazini, nao wakamwalika kwa wiki mbili.

"Nitakuwa na siku moja kabla ya ndege," akaniambia. "Jumamosi. Nataka kukuona, Simiyu."

Shika neno hilo, mwanangu. Alisema anataka kuniona mimi. Hakutaja mji.

Nikamuuliza, "Na ile sukari?" Alikuwa ameanza kuugua kisukari mapema, kama baba yake.

"Naishi nayo," akasema. "Ila miguu siku hizi hainiletei habari zote. Daktari anasema niiangalie kama mtoto mchanga."

"Huku hewa ni safi," nikamjibu. "Utasahau kama una sukari."

Hilo ndilo jibu nililompa mgonjwa. Nami nilikuwa na miaka arobaini, si mtoto.

Jumamosi ikafika, nikampokea stesheni kuu asubuhi na mapema. Nilikuwa nimefuatana na rafiki yangu Bosco, Mkongomani wa Uvira, dereva wa basi, anayekaa Bredäng na mama yake. Nilimwomba aje ili Barasa aone kwamba mimi hapa nina watu. Tukamwona Mwalimu akishuka kwenye treni na suti ya kijivu, na miguuni viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa hata ukaweza kujitazama.

"Viatu hivyo, Mwalimu," nikamwambia.

"Walimu wangu walichanga," akasema, akiviangalia kwa aibu kidogo. "Walisema mwalimu mkuu hawezi kwenda Ulaya na viatu vya kuendea shamba. Wiki mbili hizi sijavivaa. Nilikuwa nimeviweka kwa siku yako."

Bosco akavizunguka kama anayekagua tairi. "Directeur," akasema, maana kwao ndivyo aitwavyo mwalimu mkuu, "na viatu hivi unaingia kwa mfalme bila kupiga hodi."

Tukacheka sote watatu. Tuliweka begi lake kwenye makabati ya stesheni, tukaanza.

Nilikuwa nimepanga siku ile kama ninavyopanga zamu za wafanyakazi wangu. Tungeanza na jumba la halmashauri ya jiji, lile la matofali mekundu lililo kando ya maji. Halafu mji wa kale, ikulu, visiwa, mlima wa kusini. Nilikuwa nimeapa kwamba kila kitu kilicho kwenye kadi za posta za Stockholm, Barasa atakiona kwa macho kabla jua halijashuka, na huku kiangazi jua halina haraka ya kushuka.

Tulipofika kwenye lile jumba la matofali, kuna bustani, na ukingoni mwa maji kuna viti vya mawe. Barasa akasimama. "Hapa pana kiti kizuri," akasema. "Mtu akiketi hapa anaona maji yote."

"Viti viko kila mahali huku, Mwalimu," nikamwambia. "Mambo yako juu." Nikamwonyesha mnara.

Mnara ule una ngazi, mwanangu, ngazi zaidi ya mia tatu. Mimi ngazi hazinitishi, ngazi ndizo zilizonilisha. Nilipanda nikihesabu kwa sauti kama ninayefundisha darasa. Bosco akanifuata akihema. Barasa akaja nyuma kabisa, mkono mmoja ukutani. Alipofika juu alishika ukingo, akatazama paa na maji na makanisa, akasema, "Simiyu, mji wako ni mzuri." Nikampiga picha. Nikaituma palepale kwenye kundi letu la simu, la tuliosoma pamoja. Kabla hatujashuka sifa zikaanza kuingia. Mmoja akaandika, Simiyu mkubwa. Mwingine akaandika, aliyekuwa wa mwisho sasa anamtembeza wa kwanza. Hilo nililisoma mara tatu nikishuka zile ngazi, nikaliona tamu kuliko asali.

Kutoka pale tukatembea hadi mji wa kale. Waliojenga mitaa ile waliitandika mawe ya mviringo, yamepangwa kama mikate kwenye sinia, na kila jiwe lina mgongo. Ukiyakanyaga siku moja na viatu vya raba, unafurahi. Ukiyakanyaga na viatu vipya vya ngozi, ni mambo mengine. Mimi nilikuwa na raba.

Tulisimama uani kwa mfalme kungoja walinzi wabadilishane zamu. Pale hakuna pa kukaa. Tulisimama, tukasimama, ngoma zikaja, farasi wakaja, watu wakanyoosha simu juu. Barasa alikuwa ameegemea ukuta.

"Hawa walinzi husimama muda gani?" akauliza.

"Saa nzima bila kutikisika," nikamjibu kwa fahari, kama mimi ndiye niliyewaajiri.

"Basi wamejaliwa miguu," akasema.

Nikacheka. Tulipotoka pale tukapita uwanja mdogo wenye benchi za mbao zilizozunguka kisima cha kale. Barasa akaipitishia moja kiganja chake. "Hawa watu wanajua kutengeneza viti," akasema. "Tazama walivyouinamisha mgongo."

"Mbao za huku zinakauka vizuri kwa sababu ya baridi," nikamweleza, nami nikimvuta mkono kuelekea kichochoro chembamba kuliko vyote mjini, ambacho watu wawili hawapishani. Kichochoro chenyewe ni ngazi tupu.

Bosco akaninyemelea nyuma, akaniambia chini kwa chini, "Kaka, mgeni amesifu viti mara mbili."

"Babake alikuwa seremala," nikamjibu. "Anapenda mbao."

Na ni kweli, babake alikuwa seremala. Ukweli pia unaweza kukuziba masikio.

Mwanangu, wewe umezaliwa huku, au umekuja ukiwa mdogo, kwa hiyo huenda hujui. Wanangu mimi nikiwaongelesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, kwa hiyo najua kuna mambo hayakuvuka nasi. Kule kwetu mgeni haombi. Mgeni mwenye kiu husema, "Leo jua limeamka mapema," na mwenyeji anasimama kwenda kuleta maji. Mgeni aliyechoka huisifia miti yako kivuli chake, au husifu viti vyako. Kazi ya mgeni ni kusifu, na kazi ya mwenyeji ni kusikia. Nimelelewa hivyo. Lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi na watu ambao wakichoka husema tumechoka, wakitaka kwenda huenda. Si vibaya, ni njia yao. Ila masikio yangu yalikuwa yamepata uraia kabla yangu.

Mchana nikawanunulia kahawa na mikate ya mdalasini iliyonyunyiziwa sukari juu, tukala tumesimama kwenye kaunta. Barasa aliushika wake mkononi, akautazama, akautia mfukoni taratibu akisema atampelekea mtoto. Akatoa karanga zake kwenye karatasi, akatafuna. Hilo nalo nililiona kwa macho, sikuliona kwa akili.

Halafu tukapanda kivuko kwenda kisiwa cha makumbusho. Ndani ya kivuko ndipo Barasa aliketi kwa mara ya kwanza siku ile. Alinyoosha miguu, akafumba macho, upepo ukimpiga usoni. Kisha akasema bila kuyafumbua, "Simiyu, unaikumbuka siku uliyoacha shule?"

"Mwalimu, amka," nikasema, "utakosa kuiona bandari." Nikaenda kusimama mbele na simu yangu. Nilipogeuka, alikuwa amefumbua macho, anatazama maji. Sikumuuliza alitaka kusema nini.

Kule kisiwani ipo meli ya mbao ya zamani, kubwa kama mtaa, imehifadhiwa ndani ya jumba lenye giza na baridi. Wanasimulia kwamba mfalme wa enzi hizo alitaka meli yenye mizinga mingi kuliko ya jirani zake. Siku ya kwanza tu ilipotoka bandarini, upepo mdogo ukaigusa, ikalala ubavu, ikazama watu wa mji wakiitazama. Mimi kisa hiki nakijua vizuri, huwasimulia wageni wote, nacho hunipa heshima.

"Mafundi walijua kwamba inayumba," nikamwambia Barasa. "Waliijaribu hata kabla haijatoka."

Alikuwa ameshika chuma cha kuzuia watu, mguu wa kushoto ameuinua kidogo kama kuku kwenye baridi. "Walijua," akasema.

"Walijua kabisa."

"Na hakuna aliyesema."

"Mfalme mwenyewe alikuwa na haraka. Mtu angeanzia wapi kumwambia?"

Barasa akatabasamu, akanitazama. "Ni kweli," akasema. "Mtu angeanzia wapi."

Tuliporudi ng'ambo ilikuwa jioni kwa saa ingawa jua lilikuwa palepale. Bosco akatoa simu. "Mama amepika sombe na bugali tangu saa nane. Anauliza tuko wapi. Twende Bredäng."

"Bado mahali pamoja tu," nikasema. "Ule mlima wa kusini. Ukisimama pale unauona mji wote kwa pamoja. Mwalimu hawezi kurudi bila picha hiyo."

"Simiyu, huyu mutu anachechemea."

"Ni viatu vipya. Vitajinyoosha."

"Viatu vitajinyoosha kwa mguu wa nani?"

Nikaona ananiaibisha mbele ya mgeni wangu. Nikamgeukia Barasa, nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka shahidi wake amshindie kesi: "Mwalimu, kwani umechoka?"

"Hapana, hapana," akasema. "Niko sawa kabisa."

"Umesikia?" nikamwambia Bosco.

Tukapanda. Picha nikaipiga. Ninayo mpaka leo. Mji uko nyuma unang'aa, na mbele yake amesimama mtu mwenye suti ya kijivu, anatabasamu kwa meno tu.

Tulishuka, tukapanda treni ya chini ya ardhi, ya mstari mwekundu, hadi Bredäng. Nyumba ya akina Bosco iko ghorofa ya tano, kwenye yale majengo marefu yanayofanana. Mama Nabintu, mama yake Bosco, alitufungulia mlango na kitambaa kichwani na mwiko mkononi. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi huko Uvira kabla ya vita kuwahamisha. Harufu ya ile sombe, yaani kisamvu, ilijaa mpaka kwenye lifti. Na hapo mlangoni, kama nyumba zote za huku, viatu vilikuwa vimepangwa mstari, maana hakuna aingiaye na viatu.

Bosco akavua. Mimi nikavua. Barasa akabaki amesimama kwenye kizingiti.

"Mama, nisamehe," akasema. "Naomba niingie hivi hivi. Nitakaa hapa karibu na mlango."

Nami, mwanangu, nikafanya mzaha. "Mwalimu, huku hata waziri huvua viatu mlangoni. Usituaibishe. Vua."

Kulikuwa na kigoda kidogo cha kukalia mtu akivaa viatu. Barasa akakikalia. Hata wakati ule akajaribu kusema kitu, akasema, "Kigoda hiki kizuri." Halafu akafungua kamba. Kiatu cha kulia kikatoka. Cha kushoto kikakataa. Bosco akapiga magoti, akakivuta polepole, na kilipotoka tukaona soksi. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Kuanzia kwenye vidole mpaka katikati ya unyayo ilikuwa imegeuka rangi, na ilikuwa imelowa.

Mama Nabintu akampa Bosco mwiko, akaleta beseni, akapima maji kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Akaivua ile soksi kwa kuilowesha kidogo kidogo.

"Sukari?" akauliza.

"Sukari, mama," akajibu Barasa.

"Na hii haukuisikia?"

"Sikusikia maumivu, mama. Nilisikia tu nimechoka."

Mama akaendelea kuosha. Alipomaliza akaufunga ule mguu kwa kitambaa kisafi, ndipo akanigeukia. Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yake hayajaniondoka.

"Wee Simiyu. Mutu anatoka kwao kuja kukuona. Umemuonyesha mawe, umemuonyesha nyumba ya mfalme. Yeye umemuangalia saa ngapi?"

"Mama, hakusema," nikajibu.

"Hakusema? Mgeni anasemaka? Niko nakuuliza. Wewe umezaliwa wapi?"

Nikatazama viatu vyangu vya raba pale mlangoni. Barasa akanitetea, hata hapo. "Mama, kosa ni langu, ningesema." Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, papa, wewe ni mgeni."

Nikasema labda tule kwanza, halafu tuone. Mama akanyanyuka na lile beseni. "Chakula kitabaki," akasema. "Mguu haubaki. Ita gari."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika likawa la mwenzangu. Hapo ndipo methali haikuniambia ukweli wote. Kama ingekuwa kila kiziwi anavunjika guu lake mwenyewe, dunia ingekuwa na adabu.

Ndege ya Jumapili ikaondoka bila Barasa. Madaktari walipigania mguu ule kadiri walivyoweza, lakini dole gumba na kidole kinachofuata vilikuwa tayari vimekwisha kuharibika. Vikakatwa. Yeye aliyekuja wiki mbili akakaa zaidi ya mwezi nyumbani kwangu, kwenye kiti cha dirishani kinachotazama mti wa tufaha, mguu juu ya mto. Shule yake ikaendeshwa na naibu wake. Mkewe alikuwa akimpigia kila asubuhi, na hakuna hata siku moja niliyomsikia Barasa akimwambia mambo yalivyokuwa. Alimwambia, "Nilitembea sana, mji wenyewe ulikuwa mzuri." Alinisitiri. Hilo liliniuma kuliko kama angenishitaki.

Nikachukua kile kiatu cha kushoto nikakisafishe. Mwanangu, mimi doa halijawahi kunishinda. Nimetoa divai kwenye zulia jeupe, nimetoa rangi kwenye marumaru. Nilikaa na kile kiatu jikoni jioni mbili, na dawa zote nilizo nazo kwenye gari. Nje kikang'aa. Ndani, pale kwenye vidole, pakabaki weusi. Nilipompa akaingiza mkono, akapapasa, akasema, "Kimetakata, Simiyu." Akanitaka nimpige picha akiwa amekaa, amevivaa vyote viwili, ile bandeji ikiwa imefichwa na suruali, awatumie walimu wake. Nikampiga.

Siku moja nilipita mbele yake nikikimbilia kazini, akaniita. "Simiyu, nina wiki tatu hapa. Sijakuona umeketi."

"Kazi, Mwalimu. Huku ukikaa unapitwa."

"Kwenye kile kivuko nilikuuliza kama unaikumbuka siku uliyoacha shule."

Nikasimama na funguo mkononi.

"Walisoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho," akasema. "Ulitoka kabla hawajafika kwako. Jioni nikaja kwenu, nikakukuta unasomba matofali ya mjomba wako, unakimbia nayo. Nilitaka kukuambia pumzika, tuongee. Sikujua nianzie wapi, tulikuwa watoto. Nimekuja mpaka huku nikuambie hilo. Tangu siku ile unakimbia na matofali, Simiyu. Nilitaka tu kukuona umeketi."

Ungedhani niliketi. Sikuketi. Nilimwambia, "Tutaongea jioni," nikaenda kazini. Ndani ya gari nikashindwa kuwasha injini kwa muda. Mtu hajifunzi siku anayoambiwa. Anajifunza siku ile maneno yanapomrudia akiwa amechoka vya kutosha.

Ikapita miaka. Magari yakawa mawili, yakawa matatu. Mgongo nao ukaanza kuniambia mambo. Juzi juzi nikaenda Kitale. Mwalimu alinipokea kwenye lango la shule yake, na fimbo mkononi, nywele zimeingia mvi, amenenepa kidogo. Akasema, "Leo wewe ndiye mgeni. Nitakutembeza."

Tukaanza kutembea uani, mwendo wa fimbo. Akanionyesha jiko jipya, akasimama, akaniuliza, "Umechoka?" Nikasema sijachoka. Akanionyesha bustani ya sukumawiki ya watoto, akasimama, "Umechoka?" Nikacheka, nikamwambia, Mwalimu, mimi napanda ngazi za ghorofa nane. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Akanionyesha maktaba. Nikazisifu rafu zake. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Na viti hivi ni imara, nani alivitengeneza?"

Barasa akageuka, akaniangalia. Safari hii hakuniuliza mbele ya watoto waliokuwa wakisoma. Alinishika kiwiko, akanitoa nje mpaka nyuma ya darasa la sita, ambako kuna benchi ndefu waliyotengeneza wanafunzi, mguu mmoja mfupi kidogo. Akaketi yeye kwanza. Akaweka fimbo kando.

Nikamwambia, "Barasa, nimechoka."

Lilikuwa neno ambalo sijawahi kulisema kwa mtu yeyote wa kwetu tangu niondoke.

"Najua," akasema. "Keti."

Nikaketi. Tulikaa pale mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikapigwa, na sikumbuki kama tuliongea.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, mwanangu. Ukipata mgeni, jiji halikimbii, ikulu itakuwepo hata kesho, ila mguu wa mtu ni mmoja na mwenzake. Mpeleke mahali pawili, si kumi. Usimuulize umechoka kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa hapana, tena mbele za watu. Keti wewe kwanza. Mgeni huketi akiona mwenyeji ameketi. Akisifu maji, mpe maji. Akisifu kiti, usimweleze habari za mbao.

Na ukiwa wewe ndiye mgeni, adabu ni nzuri, lakini adabu isikukate vidole. Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Mwenyeji wako huenda ni mtu kama mimi, aliyefika mbali sana hata hasikii kutoka karibu. Mwambie. Ukishindwa pa kuanzia, anza na neno hilohilo: nimechoka. Halikunipunguzia gari hata moja.

Na ukipanda juu katika maisha, kama nilivyopanda mimi, na utapanda, panda. Lakini tazama nyuma kwenye ngazi uone anayekufuata ameushika ukuta kwa mkono gani.

Mungu akujalie marafiki wanaovuka bahari kuja kukuona wewe. Akupe masikio yanayosikia kile mgeni asichosema. Miguu yako ikufikishe uendako, ikurudishe ikiwa na vidole vyote kumi, na kila jioni ukute kiti, na pembeni yake mtu wa kuketi naye. Amina, mwanangu. Sasa sogea kidogo nami nikae.